Thibitisha Kwamba Wewe si Adui

Novemba 14, 2006, wiki moja tu baada ya Keith Ellison wa jimbo la Minnesota kuwa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika Bunge la Marekani, alihojiwa katika kipindi cha televisheni cha Glenn Beck. Mtangazaji alianza kwa maneno matamu: anawapenda Waislamu, amewahi kufika misikitini, wala haamini kuwa Uislamu ni uovu. Kisha akamtaka mgeni wake athibitishe kwamba hashirikiani na maadui wa nchi. Akaongeza kuwa hamtuhumu, ila ndivyo anavyohisi moyoni, na Wamarekani wengi kadhalika.

Ndugu msomaji, tuhuma ya namna hii haina jibu. Sheria ya Kiislamu humtaka mdai ndiye alete ushahidi. Beck aliutua mzigo huo na kumtwika aliyeshukiwa, tena kwa tabasamu. Ellison alijibu kwa upole kwamba waliomchagua wanajua anavyoipenda nchi yake, na hana haja ya kuthibitisha. Januari 2007 alishika msahafu uliokuwa mali ya Rais Thomas Jefferson katika hafla ya kiapo chake, akalitumikia Bunge hilo miaka 12.

Beck mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1964, aliingia redioni angali kijana. Alitopea katika ulevi, akauacha, na mwaka 1999 akajiunga na kanisa la Wamormoni. Hapo ndipo penye kusikitisha zaidi. Mwaka 1838 gavana wa jimbo la Missouri alitoa amri kwamba Wamormoni wahesabiwe kuwa maadui, waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Mtu wa jamaa iliyoonja machungu hayo ndiye aliyemuuliza Mwislamu swali lile!

Je, swali hilo lilimharibia kazi? Hasha. Januari 2009 alihamia Fox News, akatazamwa na mamilioni. Julai mwaka huo alidai kuwa Rais Obama ana chuki kubwa dhidi ya weupe. Makampuni mengi yakaondoa matangazo yao ya biashara katika kipindi chake. Aliondoka Fox News Juni 2011, akaanzisha televisheni yake kwenye intaneti. Mwaka 2014 alikiri hadharani kuwa alichangia kuigawa nchi yake. Kukiri ni jambo jema, nasi hatumbezi. Lakini wanavyuoni wetu hufundisha kuwa toba inayohusu haki za watu haitimii mpaka haki irudishwe, na neno lililokwisha kuingia katika nyumba za watu litarudishwa kwa njia gani?

Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu, na aya ya 12 imetukataza dhana mbaya. Aya zote mbili zawaita walioamini, si watangazaji wa Marekani. Nasi tunayasikia katika mihadhara yetu, zamani kwa kanda na leo kwa simu: Mwislamu aliyekwisha kutamka shahada anatakiwa athibitishe kuwa si kafiri, au si kibaraka wa fulani. Shahidi haletwi, na wasikilizaji wanaitikia kwa takbira.

Tunawaomba maimamu waanzie hapo: mhadhiri atakayekusudia kumtaja mtu kwa jina aulizwe, kabla ya kukabidhiwa kipaza sauti, mashahidi wake ni nani.