Kasapa: ufunguo wa sehemu ya wanawake uko kwa nani?

Tarehe 25 Septemba 2020, wafungwa waliasi katika gereza la Kasapa, mjini Lubumbashi. Sehemu ya wanawake ilichomwa moto. Makumi ya wanamama wakabaki katika uwanja mkubwa, katikati ya wanaume. Nyuma yao moto, mbele yao waasi, pande zote ukuta. Kwa siku tatu hawakuwa na chakula wala pa kujificha. Shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba walibakwa mara nyingi, hadi askari waliporudisha utulivu tarehe 28.

Wako wanaosema aliyefungwa alijitakia. Lakini hakuna tribinali inayomhukumu mtu kubakwa. Tena, wafungwa wengi wa Congo hawajahukumiwa bado. Wanangojea tu kesi yao isikilizwe.

Kasapa ilijengwa kwa watu 800, na wakati ule ilikuwa na karibu 2,000. Palipo na msongamano kama huo, walinzi hubaki nje, na ndani amri hushikwa na makapita, ambao ni wafungwa pia. Siku ya fujo, mwanamke hana wa kumwita.

Tena si Kasapa peke yake. Mwezi wa Septemba 2024, huko Makala, Kinshasa, serikali ilihesabu watu 129 waliokufa wafungwa walipojaribu kutoroka, na wanawake walibakwa. Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, wanaume walitoroka gereza la Munzenze. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake wasiopungua 165 walibakwa, na wengi wao waliteketea kwa moto.

Serikali husema pesa za kujenga magereza mapya hazitoshi. Basi ianze na kilicho rahisi. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka sehemu ya wanawake itengwe kabisa, na funguo zake zote zishikwe na mlinzi mwanamke. Sehemu hiyo iwe na mlango wake unaofunguka nje, si katika uwanja wa wanaume. Na mahakimu wawaachilie wanaoshikiliwa kwa makosa madogo, wangojee kesi wakiwa nyumbani.

Serikali inayomfungia mtu mlango ndiyo yenye wajibu wa kumfungulia moto unapowaka. Baada ya Kasapa, Makala na Munzenze, hakuna kiongozi anayeweza kusema hakujua.