WANAPIMA VIPAJI AU WANAPIMA MABANATI?



Kila yanapokaribia mashindano ya urembo ya taifa, hayo yaitwayo Miss Tanzania, barazani petu huzuka kelele mbili. Ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba mabanati wanaopanda jukwaani wamekwisha kupotea, hawana wazee, na kwamba chama chetu hakina budi kuitaka Serikali iyapige marufuku. Ya pili ni ya wale waliokwisha kuuona ustaarabu mpya, nao hutwambia: "Acheni ushamba, siku hizi haitazamwi sura tu, vinatazamwa na vipaji." Mimi sikubaliani na kelele ya kwanza wala ya pili, na leo naomba nafasi katika karatasi yetu hii niseme kwa nini.

Nianze na hiyo ya vipaji, maana ndiyo yenye utamu wa kudanganya. Banati hupewa dakika chache. Mmoja huimba, mwingine hucheza ngoma ya kwao, ngoma ambayo bibi yake aliikesha usiku kucha, wa tatu huigiza. Watu hupiga makofi, na wengine hustahiki kwa hakika makofi hayo. Kisha? Kisha hurejeshwa mstarini, wakatazamwa urefu, kiuno na mwendo, na hapo ndipo hukumu itokapo. Hata katika mashindano ya dunia, Miss World, mshindi wa kipaji kwa miaka mingi amekuwa akipewa njia ya kuingia moja kwa moja katika duru ya mbele, wala hapewi taji kwa kipaji chake. Kipaji humfungulia mlango tu, na ndani akakuta mizani nyingine inamngojea.

Tena ulizeni mambo haya yalizaliwa wapi. Wafanya-biashara wa Atlantic City, Marekani, waliyaanzisha 1921 ili watalii wasiondoke mapema majira ya joto yanapokwisha. Wasichana walipangwa pwani katika nguo za kuogea kama bidhaa dirishani. Watu wenye staha walipolalamika, ndipo 1935 kikaingizwa kipaji, na wasichana wakaanza kuimba na kupiga piano. Kipaji, basi, kililetwa kufunika, hakikuletwa kufunua. Na chini ya pazia hilo jema ilikuwamo kanuni kwamba mshindani awe wa damu nyeupe. Msichana mweusi wa kwanza hakufika katika fainali za taifa lao illa 1970. Miss World nayo ilizaliwa London 1951, na nguo za kuogea hazikuondolewa humo mpaka 2015. Hiyo ndiyo nasaba ya kitu tuambiwacho kuwa ni heshima ya mwanamke wa Kiafrika.

Sisi wa visiwani hatukuhitaji kufundishwa kutambua kipaji cha mwanamke. Siti binti Saad alitoka Fumba, binti wa watu wa kufinyanga vyungu, akivichukua kuja kuviuza mjini. Sura yake ilidharauliwa na watu wakamtolea maneno ya izara mbele ya kadamnasi. Lakini 1928 alipelekwa Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri kwa lugha yetu hii, na sahani hizo zikasikilizwa pwani nzima, na Shaaban Robert akauandika wasifu wake. Nani aliyempima kiuno? Laiti angalipangwa mstarini mbele ya majaji hawa wa leo, angalirejeshwa Fumba kabla hajafungua kinywa.

Kila aliyepita chuoni anaijua Sura ya 83, namna inavyowatahadharisha wapunjao vipimo. Mtu wa dukani huisoma sura hiyo kwa hofu zaidi kuliko wengine, maana mawe ya mizani yako mkononi mwake kutwa. Nami sijui upunjaji mkubwa kuliko kumwita mtu "njoo tupime sauti yako" ilhali jiwe lililowekwa upande wa pili ni umbo lake. Kama kweli wanataka vipaji, na watundike pazia, majaji wasikie wasione. Hapo nitakwenda mimi wa mwanzo.

Sasa niwageukie wenzetu wa marufuku. Banati wangu simpeleki huko, na anayenijua hahitaji kuniuliza. Lakini mnamwomba nani akupigieni marufuku? Miss Tanzania ya kwanza ilifanywa 1967. Mwaka uliofuata Serikali ya TANU ikaipiga marufuku. Oktoba 1968 vijana wa TANU wakatangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Kariakoo makundi yakawavamia wasichana mabarabarani na ndani ya mabasi. Hayo yaliitwa kulinda utamaduni! Hapa kwetu 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na sababu iliyotolewa ilipendeza masikioni vile vile: kuchanganya makabila. Kisha 1994, chini ya mtoto wa TANU na Afro-Shirazi, mashindano yakafufuliwa, na ikafika miaka jina la Redd's, kinywaji cha kulevya, likatangulia mbele ya jina la taifa. Disemba 2014 yakafungiwa miaka miwili, na 2015, muda haujatimia, yakafunguliwa.

Je, hapo mmeona murua umelindwa mahali gani? Mimi naona mkono mmoja tu, leo wafunga, kesho wafungua, kama upendavyo. Na mkono huo huo ndio uliofunga mikutano ya hadhara ya vyama tangu 2016 mpaka Januari 2023. Mtu aliyezuiliwa kusimama juu ya jukwaa lake miaka sita, anapata wapi uso wa kuiomba Serikali ile ile ifunge jukwaa la mwenziwe? Na hao mabanati mnaowatukana, wengi wao ni watoto wa masikini waliosikia kwamba kuna miaka mshindi alipewa motokaa. (Kuna na watukanaji ninaowajua ambao usiku wa fainali hawalali, televisheni imewakodolea macho nao wameikodolea.)

Liko na jina lenyewe, "la taifa". Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, leo ni 22, na hata katika hayo 22 utamaduni haumo. Ndiyo maana Bara wana BASATA yao na sisi tuna baraza letu. Basi banati anapovishwa utepe wa nchi mbili, nani aliyewauliza watu wa nchi ya pili? Na taifa gani hilo, ambalo 2007 aliposhinda Richa Adhia, mzaliwa wa nchi hii, walisimama watu wakasema si Mtanzania wa kutosha, ati kwa kuwa nasaba yake ni ya Kihindi? Sisi ambao katika nyumba moja utamkuta Mngazija, Mshihiri, Mhadimu na Mnyamwezi tunakula sinia moja, tunaijua kauli hiyo inapoanzia na tunajua ilikotufikisha.

Kwa hiyo azimio la marufuku likiletwa mkutanoni nitalipinga. Azimio nitakaloliunga mkono ni hili. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilifunguliwa hapa mjini 2002, na humo watoto wetu wa kike na wa kiume wamefundishwa udi, kanuni na fidla bila ya kuulizwa urefu wao. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kinakaribia kufunga milango kwa kukosa fedha. Wawakilishi wetu wamtake Waziri aeleze mbele ya Baraza la Wawakilishi Serikali imetoa shilingi ngapi kwa chuo hicho tangu mwaka huo, na ni skuli ngapi za Unguja na Pemba zenye mwalimu wa muziki anayelipwa. Jawabu, ikiwa itakuja, ipigwe chapa katika karatasi hii, ukurasa wa kwanza.