Bajeti ya dawa hupimwa kituoni, si bungeni

Mwaka wa fedha 2015/16 Serikali ya Tanzania ilitenga takriban Sh31 bilioni kwa ajili ya dawa na vifaa tiba. Mwaka uliofuata ikatenga Sh251.5 bilioni. Hata hivyo, fedha iliyotengwa si lazima iwe fedha iliyotolewa.

Bohari ya Dawa (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, hununua, huhifadhi na kusambaza dawa katika vituo vya umma. Sehemu kubwa ya dawa hizo huagizwa kutoka nje, na shehena huchukua miezi kufika. Hazina ikichelewa kutoa fedha, Bohari nayo huchelewa kuwalipa wazabuni, ambao husita kuleta shehena nyingine.

Kisera, wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bure. Lakini msamaha usiofidiwa kwa wakati hugeuka kuwa mzigo wa kituo.

Anayebeba pengo hilo hatimaye ni mgonjwa: huandikiwa dawa akanunue duka la binafsi kwa fedha zake, kama anazo. Kwa hiyo, wabunge wanapopitisha bajeti, swali la msingi si kiasi gani kimetengwa, bali kiasi gani kimetoka Hazina, na lini.