Limfoma Kigoma: rufaa ianze na kinyama

Mgonjwa wa Ujiji akiambiwa ana limfoma, yaani saratani ya tezi, ndugu huuliza: hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam? Wana haki ya kuuliza, ila lipo la kutangulia: ni limfoma ipi?

Aina ni nyingi, na tiba hazifanani. Ile ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda, huvimbisha taya au tumbo la mtoto, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara, na Kigoma malaria tunaijua. Lakini inasikia dawa: miaka ya 1960 huko Uganda wapo watoto waliopona kwa siklofosfamaidi. Mtoto huyo asisubirishwe hata wiki. Limfoma ya Hodgkin hutibiwa kwa dripu za dawa ya saratani, pengine na mionzi, na wengi hupona. Zipo pia zinazokwenda polepole, ambazo daktari anaweza kuzifuatilia kwa vipimo tu bila dawa. Familia ikielezwa vibaya, huona mzee wao ametelekezwa.

Yote hayo yanategemea kinyama kilichokatwa kwenye tezi na kusomwa maabara. Shingo ikivimba, mara nyingi huanzishwa dawa za kifua kikuu. Si kosa, kifua kikuu kipo. Kosa ni kumaliza miezi tezi ikizidi kukua na hakuna aliyeikata. Hata dawa ya prednisoloni inaweza kuifanya tezi inywee na kuuficha ugonjwa.

Wapo wanaotaka hospitali ya saratani ijengwe Kigoma. Nawaelewa: hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na mama wa Kalya huanza safari kwa boti. Ila mashine ya mionzi inahitaji wataalamu wa fizikia na umeme usioyumba, na mgonjwa wa leo hana miaka ya kuingoja. Fedha ya kwanza ningeipeleka Maweni, hospitali ya mkoa, kinyama kikatwe hapo kwa uhakika na kisafiri chenyewe, mgonjwa, isipokuwa mtoto anayeshukiwa kuwa na Burkitt, abaki kwake mpaka jibu lirudi. Ya pili iende kwenye nauli na malazi. Bima, hata ikilipia dawa, haimpi huyo mama chumba Mwanza. Dripu hutolewa kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi. Baada ya dripu ya pili tezi imenywea, nauli imekwisha, na mgonjwa anajiona amepona. Ugonjwa ukirudi, ni mgumu zaidi.

Je, dripu za baadaye zitolewe Maweni chini ya maelekezo ya Bugando? Kwa mtu mzima aliyeanza salama, nasema ndiyo. Kwa mtoto wa Burkitt anayeanza, hapana: uvimbe ukiyeyuka kwa kasi unaweza kuziba figo, na damu yake lazima ipimwe kila siku.

Kabla ya kupanda basi, familia imuulize daktari: ni aina gani, imeenea hadi wapi, tunatafuta kupona au kupata nafuu, dripu ni ngapi. Halafu wakae wenyewe wapange nani atatoa nauli ya dripu ya nne.