Msiipake Poda Nyumba Inayougua

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi video za ukarabati zinazovuma. Mtu ananunua nyumba ya matofali London, ya enzi za akina George, wale wafalme wanne waliofuatana kutoka 1714 hadi 1830. Anakwangua ukuta, anajaza simiti kwenye maungio, anachomeka madirisha ya plastiki, muziki unapanda, na sisi huku tunamwaga mioyo. Ati "kabla na baada". Manze, hapo tumeshangilia mauaji.

Baada ya ule moto mkubwa wa 1666, London ilipiga marufuku kuta za nje za mbao. Matofali yakatawala. Lakini matofali hayo ni laini, na yalishikanishwa kwa chokaa na mchanga. Simiti ya Portland ilipata hataza 1824, wakati nyumba nyingi za aina hii zilikuwa zishasimama zamani.

Sasa shida iko hapa. Chokaa ni laini kuliko tofali, kwa hivyo maji yakiingia ukutani yanatokea kwenye maungio. Chokaa ikichakaa, unaikwangua unaweka nyingine. Tofali liko sawa. Ukiziba na simiti, unyevu unakosa pa kutokea, unapita kwenye tofali lenyewe. Baridi ya Uingereza ikifika, maji yanaganda, yanavimba, na uso wa tofali unabanduka kama mandazi ya juzi. Chokaa iliwekwa iumie badala ya tofali. Wewe umelitoa tofali kafara.

Na usiniambie sura ndiyo muhimu. Angalia 10 Downing Street, nyumba ya waziri mkuu wao. Ilipokarabatiwa miaka ya 1960, waligundua matofali yake ni ya manjano! Ule weusi maarufu ulikuwa moshi na masizi ya miaka mingi. Wakasafisha, kisha wakapaka rangi nyeusi ili watu wasishtuke. Lakini kabla ya rangi waliimarisha misingi na kushughulikia mbao zilizooza. Mfupa kwanza, ngozi baadaye.

Najua mtasema chokaa ni polepole, na fundi anayeijua ni ghali. Kweli. Inataka wiki kukomaa, na haipendi baridi kali. Lakini simiti ni rahisi siku ya kulipa tu. Ukija kuing'oa, inatoka na kingo za matofali, na bili inakuja mara mbili. Kama pesa hakuna, zibua mifereji ya paa, rudisha vigae vilivyohama, uache ukuta upumue. Hiyo haitapata likes, lakini itaokoa nyumba.

Na kabla mseme haya ni mambo ya wazungu, nendeni Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa. Zile nyumba za mawe ya matumbawe zimejengwa kwa chokaa pia, na kuna watu wanazipiga plasta ya simiti wakidhani wamezisaidia. Kosa ni lilelile, hali ya hewa tu ndiyo tofauti: kwetu ni chumvi na unyevu wa bahari, kwao ni barafu.

Kwa hivyo ukiona video nyingine ya "kabla na baada", usiulize rangi ni gani. Uliza hivi: ukuta umejazwa nini, na maji yatatokea wapi? Akikosa jibu, pita na like yako.