Jarida la vidume lililojichimbia kaburi

Leo funga mkanda, tunakwenda London kutazama kisa cha jarida moja la wanaume lililotesa kweli kweli enzi zake. Akina dada msifungue ukurasa mwingine, maana mtaona huko mbele kwamba habari hii inawahusu kuliko hata hao vidume wenyewe.

Jarida lenyewe liliitwa Loaded. Lilitoka mara ya kwanza mwaka 1994, chini ya kampuni kubwa ya majarida iliyoitwa IPC. Mhariri wake wa kwanza alikuwa James Brown. Usije ukamchanganya na yule mwanamuziki Mmarekani aliyekuwa akicheza mpaka jasho linamwagika jukwaani. Huyu ni kijana wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, aliyejijengea jina akiandikia gazeti la muziki la NME. Pamoja naye walikuwepo washikaji wake Tim Southwell na Mick Bunnage.

Sasa ili uelewe kwa nini Loaded ilipokewa kama mvua ya kwanza, sharti ujue wanaume wa Uingereza walikuwa wanauziwa nini kabla yake. Arena lilikuwepo tangu mwaka 1986, na GQ ya Uingereza tangu 1988. Hayo yalikuwa magazeti ya mabrazameni. Humo ndani utakuta suti inayokula mshahara wa miezi kadhaa, saa ya dhahabu, manukato, na mtu mtanashati amenuna kama vile kadaiwa kodi ya nyumba. Kijana wa kawaida anayefanya kazi ghalani, jioni anakwenda kupiga ulabu na Jumamosi yuko uwanjani, alikuwa hajioni humo hata kwa tochi.

Brown na wenzake wakamwona huyo kijana. Wakaandika kama watu wanavyoongea kijiweni: mpira, muziki, safari za vituko, vichekesho, pombe na vimwana. Kaulimbiu yao ilisema hili ni jarida la wanaume ambao kwa umri wao walipaswa kuwa na akili zaidi. Yaani wanajicheka wenyewe kabla hujawacheka wewe! Kwenye jalada la toleo la kwanza waliweka picha ya mwigizaji Gary Oldman. Mwanaume, tena kavaa nguo zake zote. Ukumbuke hapo, tutarudi.

Bahati nayo ikawa upande wao. Mwaka huohuo wa 1994 bendi ya Oasis ikatoa albamu yake ya kwanza, na mwaka 1996 fainali za mpira za Ulaya zikachezwa Uingereza. Nchi nzima ikawa inajirusha. Vijana wa namna hiyo wakapewa jina lao, na jarida likawa kama kitambulisho chao. Kufikia mwaka 1998 Loaded ilikuwa inauza nakala zinazokaribia 450,000 kila mwezi. Mwenye gazeti yeyote akisikia tarakimu hiyo lazima ateme mate chini.

Lakini penye asali nyuki hawakosi. Kulikuwa na jarida dogo lililoanza mwaka 1985 kwa jina la For Him. Kampuni ya EMAP ikalinunua mwaka 1994, ikalifupisha jina likawa FHM, na ikagundua siri moja rahisi sana. Ukiweka kimwana aliyevaa kidogo kwenye jalada, nakala zinapanda. Ukimvua kidogo zaidi, zinapanda tena. Felix Dennis naye akaleta Maxim mwaka 1995. FHM ikaipita Loaded, na kwenye miaka ya mwisho ya tisini ikawa inauza zaidi ya nakala 700,000 kwa mwezi. Loaded nayo, badala ya kubaki na ucheshi wake, ikaanza kukimbizana na mwenzake kwenye kuvua. Gary Oldman na nguo zake akasahaulika.

James Brown mwenyewe aliondoka mwaka 1997 kwenda kuhariri GQ, yaleyale magazeti ya mabrazameni! Huko hakudumu. Mwaka 1999 GQ ilichapisha orodha ya wanaume nadhifu wa karne, na ndani yake wakawemo Wanazi. Kasheshe likazuka, na bwana mkubwa akaachia kiti. Miaka mingi baadaye, mwaka 2022, alitoa kitabu kiitwacho Animal House, ambamo anasimulia maisha yale, pombe na kokeini zikiwemo. Kumbe ile sherehe iliyokuwa inachapwa kila mwezi ilikuwa na bili, na bili haikulipwa na kampuni.

Lakini bili kubwa zaidi walilipa wengine. Mwezi Mei 1999, FHM ilitaka kutangaza kura yake ya kila mwaka ya wanawake 100 wanaovutia zaidi. Walichofanya usiku ule ni kuchukua picha ya mtangazaji wa televisheni Gail Porter, aliyopigwa akiwa mtupu kwa nyuma, na kuimulika kwa taa kubwa kwenye ukuta wa jengo la Bunge la Uingereza, urefu wa futi 60 hivi. Vidume wakapiga makofi, magazeti yakaandika, mauzo yakanona. Mwenye mwili hakuwa ameambiwa kitu. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakuulizwa. Alikubali kupigwa picha ya jarida, hakukubali kubandikwa ukutani mbele ya taifa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu asiyeona tofauti hiyo ana kazi ya kufanya na akili yake.

Mwaka 2004 mambo yakazidi. Yakatoka magazeti mawili ya kila wiki, Nuts na Zoo, tena mwezi mmoja, Januari. Sasa mashindano hayakuwa ya kila mwezi, yakawa ya kila wiki. Ucheshi ukapungua, vifua vikaongezeka.

Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Surrey na Middlesex wakafanya jaribio moja la kutisha. Walichukua maneno kuhusu wanawake yaliyochapishwa kwenye majarida ya namna hiyo, wakayachanganya na maneno yaliyosemwa na wabakaji waliokwisha hukumiwa. Kisha wakawasomea watu, wakawauliza: lipi la jarida, lipi la mbakaji? Watu wakashindwa kutofautisha. Na kibaya zaidi, wanaume walikuwa wepesi wa kuyakubali maneno ya mbakaji pale walipoambiwa kwamba yametoka kwenye jarida. Soma tena sentensi hiyo taratibu, kaka yangu. Neno lilelile, ukilivisha kava inayong'aa, linaonekana ni utani wa washikaji.

Kuna mtu mmoja aliyeliona hilo kutoka ndani. Martin Daubney alikuwa mhariri wa Loaded kwa miaka kadhaa, akaondoka mwaka 2010. Amekuwa akieleza hadharani kwamba kupata mtoto kulimfanya aitazame kazi yake kwa jicho jingine. Mimi simcheki. Wengi wetu huanza kuona mtoto wa mwenzetu ni mtoto wa mtu siku tunapopata wa kwetu. Ingependeza tuone mapema kidogo, basi.

Mwisho ukaja kwa mlango ambao hawakuutazamia. Kitu walichokuwa wanauza, yaani picha za akina dada, kikaanza kupatikana bure kwenye intaneti, tena bila kumtazama muuza magazeti usoni. Mwaka 2010 IPC ikaiuza Loaded. Mwaka 2013 wanaharakati wa kike wakayashikia bango maduka yanayouza magazeti hayo, na maduka ya Co-op yakataka yafunikwe majalada. Nuts ikakataa, ikaondolewa rafuni. Mwaka 2014 Nuts ikafa. Mwaka 2015 Loaded ikaacha kuchapwa kwenye karatasi, na mwishoni mwa mwaka huo ikatangazwa kwamba FHM na Zoo nazo zinafungwa. Jina la Loaded limefufuliwa kwenye intaneti, lakini ile jeuri ya kuuza karibu nusu milioni kwa mwezi haikurudi.

Sasa utaniuliza, haya ya London yananihusu nini mimi ninayegombania daladala? Yanakuhusu, mwanangu. Kwanza, kama unafanya biashara yoyote, iwe gazeti, muziki au chipsi, kumbuka kwamba Loaded haikupendwa kwa sababu ya vimwana. Ilipendwa kwa sababu iliandika vizuri na ilimjua msomaji wake. Ilipotupa kile ilichokiweza peke yake na kushika kile ambacho kila mtu anacho, ikawa imejichimbia kaburi.

Pili, na hili ndilo kubwa. Leo kila mmoja wetu ana jarida lake mfukoni, anaita simu. Kimwana wako akikutumia picha kwa mapenzi, amekutumia wewe. Ukiirusha kwa washikaji kijiweni ili uonekane kidume, tofauti yako na wale waliomulika ukuta wa Bunge ni ukubwa wa ukuta tu. Mpaka ulioruka ni uleule, na machozi ya mwenye picha ni yaleyale.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. FHM, Nuts na Loaded wameingia. Wewe usichimbe.

Haya, msomaji wangu, kalamu naiweka chini. Mwenye gazeti mrudishie gazeti lake, tukutane wiki ijayo majaliwa.