Kitundu Kidogo Kilichozuia Safari Kubwa

Wako watu wengi waulizao: eropleni yenye injini moja, injini hiyo ikizimika angani, je, si itaanguka kama jiwe? Jawabu ni la. Mabawa ndiyo yaichukuayo ndege. Kazi ya injini ni kuipa mwendo. Kwa hiyo inapozimika, rubani aliyefunzwa vema huinamisha pua ya ndege kidogo ili mwendo usipotee, naye hushuka polepole kama mwewe aliyetandaza mabawa, huku akitafuta mahali pa wazi. Akiiinua pua kwa hofu, mwendo humwishia, na hapo ndipo ndege huanguka kweli.

Tutazame habari za Bibi Beryl Markham, aliyekulia Njoro katika nchi hii ya Kenya, akafunza farasi wa mashindano kabla ya kujifunza urubani. Jioni ya tarehe 4 Septemba, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake katika ndege ya aina ya Percival Vega Gull, akikusudia kufika New York bila kutua njiani. Usiku ule tangi moja la petroli lilipokwisha, injini ilinyamaza juu ya bahari. Akafungua bomba la tangi jingine, ikawaka tena.

Baada ya saa 20 na zaidi, alipokwisha kuiona nchi kavu, injini ilianza kukohoa. Ikazima, ikawaka, ikazima. Ilimbidi kutua penye kinamasi katika kisiwa cha Cape Breton, nchi ya Kanada. Pua ya ndege ilizama topeni, naye akatoka mzima, ila ana jeraha usoni. New York hakufika kwa ndege ile, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake, bila kutua, kutoka Uingereza kwenda magharibi.

Je, petroli ilikwisha? Sivyo. Sababu iliyotolewa ni kwamba barafu iliziba kitundu cha kupitishia hewa katika tangi la mwisho. Kila mwenye duka aijua habari hii: ukitoboa debe la mafuta tundu moja dogo, mafuta hugoma kutoka, toboa la pili, hewa ipate kuingia, nayo hutiririka vizuri.

Basi ninyi wenye lori, pampu za maji na vinu vya kusagia, mashini ikigoma msikimbilie kuifungua yote na kupoteza fedha. Tazameni kwanza kifuniko cha tangi, kama kitundu chake ki wazi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini liko na tundu ambalo likizibwa, safari huishia matopeni.